Bangi Mlimani na Ardhi Isiyo na Mlinzi

Kilimo cha bangi cha mafichoni huanza kwa miguu. Kabla jembe halijagusa udongo, mtu huwa amekwishapanda milima, amefuata makorongo na amelala porini akitafuta mahali asipopita mchungaji, mrina asali wala askari wa misitu. Anatembea njia zile zile za mpanda milima wa kawaida, anabeba mzigo unaofanana na wake, na mara nyingi hupiga kambi kwenye chemchemi ile ile. Ndiyo maana suala la bangi haliwezi kuachiwa polisi peke yao. Linahusu misitu, maji na usalama wa kila anayetembea mlimani. Yapo maswali matatu ya kujibiwa: kwa nini zao hili hukimbilia milimani, linafanya nini likifika huko, na ni kitu gani kimewahi kulizuia.

Babati ni mahali pazuri pa kuyatazama maswali hayo. Mji huu ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na halmashauri yake ina kata nane, Sigino ikiwa mojawapo. Sigino bado ni kata ya shamba kuliko ya mjini. Ni mahindi yaliyochanganywa na mbaazi, alizeti, maharage, na mifugo inayorudi bomani jioni. Haijulikani kwa bangi. Lakini inapakana na nchi yenye kila aina ya ardhi inayohusika na mjadala huu. Karibu na mji upo Mlima Kwaraa wenye urefu wa mita 2,415, uliovikwa msitu wa hifadhi wa Ufiome unaoshikwa na ukungu asubuhi. Lipo Ziwa Babati na viboko wake. Upande wa Duru na Riroda ipo misitu ya miombo inayosimamiwa na vijiji vyenyewe. Ukifuata barabara ya Singida unafika Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye mita zaidi ya 3,400, mmoja wa milima mirefu kabisa nchini. Kaskazini ipo Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Katika eneo la mwendo wa siku moja kwa gari kuna ardhi ya mtu binafsi, ya kijiji, ya serikali na ya hifadhi ya taifa, na kila moja ina mlinzi wa namna yake, au haina kabisa.

Sababu ya kwanza inayolipeleka zao hili mlimani ni sheria yenyewe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017 na baadaye, inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bangi. Adhabu ya kulima inaweza kufikia kifungo cha miaka 30. Sheria hiyo haimwangalii mwenye jembe tu, kwani mwenye ardhi anayeruhusu shamba lake litumike kwa bangi naye ana hatia. Kwa mtu mwenye hati au shamba la ukoo lililo wazi mbele ya majirani, hatari hiyo ni kubwa mno. Wapo wanaothubutu hata hivyo, na taarifa za polisi hutaja mara kwa mara miche iliyokutwa katikati ya mahindi. Lakini anayetaka kulima eneo kubwa bila jina lake kuhusishwa na udongo huitafuta ardhi ambayo ikikutwa na mmea haitamtaja mtu. Ardhi hiyo ni msitu wa hifadhi, bonde la mto, au mteremko mkali ambao hakuna aliyeuomba kwa kulima.

Jambo hili limeonekana mbali na Afrika Mashariki, na kwa uwazi zaidi. Jimbo la California nchini Marekani lilianzisha mwaka 1983 kampeni kubwa ya kung'oa bangi kwa kutumia helikopta, na mwaka uliofuata sheria za shirikisho zikaongeza uwezo wa serikali kutaifisha mali inayohusika na dawa za kulevya. Mwenye shamba aliyekamatwa angeweza kupoteza shamba lenyewe. Katika miaka iliyofuata sehemu ya kilimo hicho ilihamia kwenye misitu ya taifa, ambako hapakuwa na cha kutaifisha. Zao lilibaki, mahali pakabadilika, na gharama ikaangukia mali ya umma.

Kenya ilipata somo lake mwaka 1999. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la nchi hiyo lilirusha ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya kupima uharibifu, miaka miwili tu baada ya mlima huo kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Waliokuwa wakitafuta visiki vya kafuri na matanuri ya mkaa waliona pia mashamba ya bangi yapatayo hekta 200 ndani ya msitu wa hifadhi. Eneo la ukubwa huo haliwezi kuwa la wezi wachache wa usiku. Linahitaji watu wengi, misimu mingi, na kimya cha muda mrefu cha waliopaswa kuona. Mwaka 2000 usimamizi wa msitu huo ulihamishiwa kwa shirika hilo la wanyamapori, doria zikaongezwa, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba uharibifu ulikuwa umepungua sana. Mlima haukuwekewa ukuta wala watu hawakuhamishwa kwa maelfu. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu anayepita, anayeona, na anayewajibika kwa alichokiona.

Kwa Tanzania jina linalotajwa zaidi upande wa kaskazini ni Kisimiri Juu, wilayani Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefanya operesheni huko zaidi ya mara moja, ikafyeka na kuteketeza ekari nyingi. Ni haki kukumbuka kwamba Kisimiri hiyo hiyo ina shule ya sekondari ya serikali iliyoongoza nchi nzima katika matokeo ya kidato cha sita mwaka 2016. Kukiita kijiji chote kuwa cha wahalifu ni kosa, na ni kosa lenye madhara, kwa sababu mwanakijiji anayejua askari wanamhesabu kuwa mshukiwa hatatoa taarifa hata moja. Operesheni za aina hiyo zina udhaifu mwingine unaojulikana: mara nyingi hukuta mmea bila kumkuta mkulima. Moto unawaka, picha zinapigwa, magari yanaondoka, na msimu ukirudi mtu anahamia korongo la pili.

Mbali na sheria ipo sababu ya fedha, na hii ndiyo inayopuuzwa zaidi katika mikutano ya hadhara. Mkulima wa Babati anaijua bei inayoanguka. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake. Wakulima waliokuwa wamepanua mashamba kwa sababu ya bei nzuri ya misimu iliyotangulia walijikuta na magunia yasiyo na mnunuzi, na wapo walioona gharama ya kuvuna inazidi bei ya kuuza. Hakuna anayepaswa kusema kwamba mbaazi zilizokosa soko ziliwageuza watu hao kuwa wakulima wa bangi. Linalopaswa kusemwa ni kwamba mlanguzi wa bangi huja na vitu vitatu ambavyo mkulima wa mbaazi hakuwa navyo mwaka ule: fedha taslimu, mnunuzi anayefuata mzigo mahali ulipo, na mkopo wa mbegu na chakula kabla ya mavuno. Kijana anayelala porini miezi kadhaa kulinda shamba la mtu mwingine ndiye anayepata kidogo kuliko wote, na ndiye anayekamatwa kwanza. Mwenye fedha haonekani mlimani.

Madhara ya shamba la siri kwa msitu yanaonekana vizuri zaidi kwa kuliangalia lilivyo. Shamba linapogunduliwa, kwa kawaida kinachokutwa si mimea peke yake. Kuna kibanda cha matawi kilichofunikwa nailoni, na jivu la moto uliowashwa mahali pamoja kwa wiki nyingi. Kuna mifuko mitupu ya mbolea na chupa za viuatilifu zilizotupwa kandokando ya kijito. Kuna mpira wa maji au mfereji uliochimbwa kwa jembe, unaochepusha chemchemi kabla haijafika chini. Kuna mitego ya waya kwenye njia za digidigi na pofu, kwa sababu mlinzi wa shamba lazima ale. Miti mikubwa huachwa mingine isimame, lakini vichaka na miche ya chini hufyekwa yote, na hiyo ndiyo ingekuwa msitu wa miaka 50 ijayo.

Kati ya hayo, maji ndiyo yenye uzito mkubwa Manyara. Kiangazi cha Babati ni kirefu, na vijito vinavyotoka milimani ndivyo vinavyonywesha watu na mifugo iliyo chini. Kijito kinachochepushwa Agosti hakiwezi kulinganishwa na kile kinachochepushwa Aprili, kwa kuwa wakati wa mvua hakuna anayegundua, ila kiangazi mama wa bondeni anaongeza saa nzima ya kufuata maji bila kujua sababu iko juu mlimani. Anayelima kwa siri hawezi kuomba kibali cha maji wala kukaa katika kikao cha watumiaji wa mfereji. Kila tone analotumia ameliondoa nje ya utaratibu ambao wengine wote wanauheshimu.

Sumu ni jambo la pili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza mizoga ya mnyama mdogo wa misituni wa jamii ya cheche, na karibu wanne katika kila watano kati ya waliokutwa wamekufa walikuwa na masalia ya sumu ya panya mwilini. Watafiti waliihusisha sumu hiyo na mashamba haramu ya bangi yaliyokuwa ndani ya misitu, ambako sumu humwagwa kuzunguka miche ili panya wasiitafune. Katika mashamba kama hayo imekutwa pia karbofurani, kiuatilifu kinachojulikana vibaya Afrika Mashariki kwa kutumika kuua simba kwa mizoga iliyotegwa. Mkulima wa halali anaweza naye kutumia sumu vibaya, lakini bwana shamba anaweza kumfikia, jirani anaweza kumkemea, na mnunuzi anaweza kumkatalia mazao. Anayejificha hana wa kumkemea.

Mteremko wenyewe nao si wa kuchezea. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliangukia Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Chanzo kilichotajwa ni sehemu ya mlima wenye miamba dhaifu iliyonyonya maji mengi ya mvua, si kilimo cha aina yoyote, na kuyahusisha maafa hayo na bangi kungekuwa kuwakosea heshima waliokufa. Yanatajwa hapa kwa sababu moja: watu wa Manyara hawahitaji kuambiwa na mtu wa mbali kwamba kinachotokea juu ya mlima hushuka chini.

Baada ya hayo swali linabaki la ulinzi, na hapa Babati ina jibu lake, lililoanzishwa kabla Mkoa wa Manyara haujakuwapo. Msitu wa Duru-Haitemba, miombo ya hekta zipatazo 9,000 iliyotawanyika juu ya vilima, ulikuwa umepangwa kufanywa hifadhi ya serikali. Wananchi wa vijiji vinane vinavyouzunguka waliposikia kwamba mipaka inapimwa, wengi waliona wananyang'anywa, na wengine wakaanza kuchukua walichoweza kabla mlango haujafungwa. Ukataji ukaongezeka badala ya kupungua. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa mradi wa ardhi uliofadhiliwa na Sweden, serikali ilikubali njia nyingine: kila kijiji kikabidhiwe sehemu yake ya msitu, kitunge sheria ndogo, kichague kamati na kiteue walinzi wake.

Utaratibu uliofuata ulikuwa wa kawaida kabisa, na hapo ndipo ulipopata nguvu. Kuchoma mkaa na kufungua mashamba mapya ndani ya msitu kulipigwa marufuku. Kuokota kuni zilizoanguka, kutundika mizinga na kuchimba dawa kuliruhusiwa kwa masharti. Malisho yaliwekewa maeneo na misimu. Vijana wa kijiji walifanya doria kwa zamu, wakasamehewa kazi nyingine za pamoja, na faini zikabaki kijijini. Kijana wa Riroda anayepita msituni kwa zamu yake anajua ni kisiki kipi ni cha zamani na kipi ni cha jana. Anajua moshi wa mrina asali unavyoonekana na saa yake, na moshi usio na maelezo anaufuata. Elimu hiyo haiwezi kuletwa na gari la doria kutoka mjini mara moja kwa mwezi. Miombo ilianza kurudi, na mfano huo ukawa miongoni mwa iliyochangia Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, zilizokipa kila kijiji nchini njia ya kumiliki msitu wake kisheria.

Misingi ya jambo hilo ilikuwapo tangu zamani. Wagorowa, Wairaqw na Wadatoga wa Babati walikuwa na misitu ya mila ambamo wazee waliruhusu au kukataza kuingia, kukata na kulisha. Duru-Haitemba iliipa desturi hiyo muhuri wa ofisi ya kijiji. Kwa suala la bangi, maana yake ni ya moja kwa moja. Shamba la siri linahitaji ardhi ambayo hakuna anayeiona kuwa yake, na msitu wenye wenyewe si ardhi ya namna hiyo. Isitoshe, mwanakijiji anayemwona mgeni akipima korongo ana ofisi ya kwenda, ana sheria ndogo ya kutaja, na ana sababu ya kujali, kwani faini na kuni na asali ni vyake. Njia hii si kamilifu. Kamati huchoka, viongozi wengine hununuliwa, na ukame au bei mbaya humjaribu hata mlinzi. Lakini kati ya njia zote zilizojaribiwa katika nchi hii, ndiyo inayofanya kazi siku ambazo hakuna operesheni.

Msitu wa Ufiome pale Kwaraa uko chini ya serikali, kwa hiyo hali yake ni tofauti na ya Duru. Kinachowezekana huko ni usimamizi shirikishi, yaani mkataba kati ya serikali na vijiji au mitaa ya jirani kuhusu doria, matumizi na mgawo wa faida. Mitaa ya pembezoni mwa mji, Sigino ikiwamo, itafaa kuhesabiwa katika mipango ya aina hiyo, kwa sababu mji unapokua mipaka ya msitu ndiyo hujaribiwa kwanza.

Mpanda milima ana nafasi yake katika ulinzi huu. Njia inayotumika mara kwa mara haifai kwa siri. Kila kundi linalopanda Kwaraa au Hanang na kiongozi mwenyeji linaongeza macho mlimani, linaacha ada, na linawapa vijana kazi halali inayotokana na msitu uliosimama. Masharti yake si mazito. Msitu wa serikali unahitaji kibali kutoka ofisi ya misitu, na Hanang, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, una ada na taratibu zake. Msitu wa kijiji unahitaji mgeni apige hodi ofisi ya mtendaji, ajitambulishe, aandike jina kwenye kitabu cha wageni na akubali kupewa mwenyeji. Kwaraa ina nyati, na hiyo peke yake ni sababu ya kutopanda bila anayejua njia. Kupiga kambi kufanyike mahali palipoonyeshwa. Anayeingia kimya, akalala korongoni bila kumwarifu mtu, atafanana na yule anayetafuta mahali pa kulima, na wenyeji watakuwa na haki ya kumtilia shaka.

Nchi kadhaa zimejaribu kuliondoa zao hili mafichoni kwa kulipatia leseni. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017, Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020, Morocco mwaka 2021, na Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa za kulevya iliiondoa bangi katika kundi lenye masharti makali zaidi chini ya mkataba wa 1961. Wanaotetea njia hiyo husema shamba lenye leseni lina uzio, mita ya maji na mkaguzi. Hoja hiyo ina uzito, lakini si dawa ya msitu. California ilihalalisha bangi kwa kura mwaka 2016, na miaka mingi baadaye askari wake wa misitu bado wanang'oa mashamba ya siri na kubeba mifuko ya sumu kutoka mabondeni, kwa kuwa anayekwepa kodi na masharti bado anaihitaji ardhi isiyo na mlinzi. Tanzania haijachukua njia hiyo. Bangi ni marufuku Bara na Zanzibar.

Kwa hiyo msafiri atakayekuta shamba la bangi porini ana mambo machache ya kufanya, na ayafanye kwa utaratibu huu. Asikate hata jani, kwa sababu kukutwa nalo ni kosa. Asipige picha watu, asiwaite, asiwahoji, kwani wenye shamba huwa karibu na huwa na mapanga. Arudi kwa njia aliyojia, akumbuke alama za mahali, mwamba au mto au mti mkubwa, na asilale eneo hilo. Akifika palipo salama atoe taarifa kwa askari wa misitu, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kupitia namba 119, ambayo haina malipo.